Jina Langu Chini ya Karatasi ya Mto

Evod, mtoto wa shemeji yangu, alifuta sentensi yangu kwenye mwongozo wa programu ya mto, akaliacha jina langu chini yake. Watu wakaisoma karatasi ile, wakaliona jina langu, wakaamini, wakashuka bondeni na simu zinazowaambia hakuna hatari. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Restuta, pamoja na wanawe. Hilo ndilo kosa nililotendewa. Naliweka mwanzoni kabisa ili asitokee mtu wa kusema nilizungukazunguka.

Naitwa Levina. Nina kibanda cha kuchaji simu Lipangalala, hapa Ifakara, na wengi wananiita Mama Chaji tu. Shule sikwenda hata siku moja. Nilipofika umri wa kwenda, baba alinipeleka ng'ambo ya mto, kwenye shamba la mpunga, nikae kwenye dungu niamie ndege. Kaka zangu walisomeshwa kwa mpunga nilioulinda mimi, na hakuna aliyewahi kuniambia asante.

Asiyetoka huku pengine hajui dungu. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo. Unapanda kwa ngazi, unakaa huko kutwa nzima unapiga mayowe na kurusha madongo kwa kombeo, ndege wasishuke. Watu wa Ifakara ndivyo tunavyoishi: nyumba iko mjini, shamba liko bondeni. Msimu ukifika familia inafunga mlango, inabeba sufuria, kuku na watoto, inahamia shambani mpaka mavuno.

Mwaka mmoja nikiwa mtoto, maji yalikuja mchana, jua linawaka. Watu wanadhani mafuriko huja na mvua. Bondeni si lazima. Mvua inanyesha huko juu Udzungwa na Njombe, wewe huioni, unashangaa tu mto umeanza kunenepa. Niliangalia chini nikaona mpunga unatembea. Ulikuwa haujang'oka, ni maji yaliyokuwa yanapita katikati yake bila sauti, na kila nilipohesabu vipago vya ngazi kulikuwa na pungufu. Nilipiga mayowe yale yale ya kufukuza ndege, kwa hiyo kila aliyenisikia alidhani naamia ndege. Baba alinifikia na mtumbwi jua likiwa limeshainama. Tangu siku ile, nikisikia maji yanapita chini ya kitu chochote, hata mtaro wa barabarani, miguu inakufa ganzi.

Kusoma nilijifunza nikiwa mtu mzima, nimeshaolewa, kwa katekista Beatus aliyekuwa akituandaa kwa kipaimara. Nasoma polepole, nafuata kwa kidole, lakini nasoma mpaka mwisho. Mume wangu Severini alikuwa akinitania kwamba mimi nasoma kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Amekwisha kufa. Kibanda aliniachia yeye.

Sasa huyu Evod. Alisomea mambo ya kompyuta Morogoro, akarudi nyumbani, na siwezi kusema alikuwa mtoto mbaya. Alikuja kibandani siku moja na simu yake kubwa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kuchaji au umekuja kula?"

"Vyote viwili. Lakini kwanza nikuonyeshe kitu."

Ilikuwa programu inaitwa Kina. Kando ya mto kumesimikwa nguzo zenye alama. Kuna watu wanaoishi karibu na nguzo hizo, wanatazama maji yamefika wapi, wanatuma. Kina inakusanya, kisha inampelekea ujumbe kila mtu aliyejiandikisha kutoka sehemu ambayo maji yatapita. Evod aliniambia ni programu huria.

"Huria maana yake nini?"

"Maana yake haina tajiri. Watu wanaitengeneza kwa kujitolea, kila mmoja kutoka kwake. Na wewe ukiona mahali haijakaa sawa, unaandika hapa, unasema iweje. Mkaguzi akikubali, inaingia, na jina lako linawekwa pale chini."

"Mkaguzi nani?"

"Kwa upande wa Kiswahili ni mimi," alisema, akajipiga kifua. "Na juu yangu yuko dada mmoja Mwanza, Aneth. Yeye ndiye mtunzaji wa programu nzima."

Nilimwambia aondoe wazimu wake. Mtu aliyesomea juu ya dungu anaandika nini kwenye programu? Lakini kila aliyekuja kibandani nilimwingizia Kina kwenye simu, maana mto naujua, na niliona afadhali kitu kinachopiga kelele kuliko kutokuwa na kitu. Na kadiri nilivyoingiza, ndivyo nilivyoona mahali watu wanapokwama. Mwongozo ulisema bonyeza kitufe cha kukubali, na picha ilionyesha kitufe. Kwenye simu ndogo hizi za watu wetu kitufe hakionekani, kimejificha chini, lazima usukume kioo juu kwanza. Watu walikaa wakikitafuta, wakakata tamaa.

Nikaandika. "Kwenye simu ndogo, sukuma kioo juu ndipo utaona kitufe." Maneno hayo tu. Jasho lilinitoka viganjani hadi kioo kikawa hakinisikii. Niliogopa nikibonyeza vibaya nitaizima programu ya nchi nzima, na polisi wataulizia ni nani. Nilipotuma, niliificha simu chini ya mfuko wa chaja kama mtu aliyeiba.

Aneth ndiye aliyejibu. Aliandika: "Asante sana mama Levina. Usiogope, hakuna unachoweza kuharibu hapa. Kila badiliko linapitiwa na mtu kabla halijaingia."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Kila badiliko linapitiwa na mtu. Yalinituliza wakati ule. Sasa nikiyakumbuka ndiyo yananiamsha usiku.

Niliendelea. Hatua moja ilikuwa imewekwa mwisho nami nikaona inatakiwa iwe mwanzo. Mahali pengine mwongozo ulisema subiri bila kusema unasubiri nini, nikaongeza kwamba itakuja alama ya tiki. Vitu vidogo vidogo. Jina langu lilikaa pale chini pamoja na majina ya watu wa Mwanza, Dodoma, na wengine wa nchi nisizozijua. Wateja waliliona wakanicheka na kunisifu.

Kisha akaja Mabula. Huyu ni Msukuma anayelima jirani na shamba letu, mtu wa sauti kubwa, hata akiongea siri mtaa mzima unaisikia.

"Mama Chaji! Hii programu yako inanipenda sana. Kila jioni inaniambia niko salama. Juzi nimelala miguu iko majini, ikaniambia niko salama!"

"Labda ulikuwa umelewa."

"Nilikuwa nimelewa, sikatai. Lakini maji hayakuwa yamelewa."

Watu waliokuwepo walicheka. Mimi sikucheka. Nilichukua simu yake nikaifungua, nikaona imeandikwa Lipangalala. Kina inachukua mahali ulipo siku unayojiandikisha, basi. Aliyeitengeneza simlaumu, kwao mtu anayelala nyumbani leo, kesho atalala nyumbani. Lakini sisi sote tunajiandikisha hapa mjini, kibandani, kwa sababu hapa ndipo penye umeme na mtandao, halafu tunahama. Mtu anashuka bondeni, simu yake inabaki ya Lipangalala. Na Lipangalala maji ya mto hayafiki.

Nikaibadilisha ya Mabula pale pale, nikamwandikia jina la kule shambani. Kisha nikaandika sentensi yangu, nikaituma: "Ukifika shambani fungua Kina upya, ubadilishe mahali ulipo, ukiacha Lipangalala, itakupa habari za Lipangalala wakati wewe uko bondeni." Evod ndiye aliyeikagua. Aliikubali. Aliniandikia, "Safi sana mama mdogo." Nakumbuka, kwa hiyo asije akasema hakuielewa. Amezaliwa hapa, naye amekulia juu ya dungu kama sisi.

Msimu uliofuata ulipokaribia, shangazi yangu alifariki Mahenge. Nilikwenda msibani, Restuta akanishikia kibanda. Alikuwa aendelee moja kwa moja shambani nikichelewa, maana mpunga ulishaanza kutoa masuke na ndege hawasubiri msiba wa mtu.

Nilipokuwa huko Mahenge, Evod alipata wageni. Walikuwa watu waliotaka kuona Kina inavyofanya kazi vijijini, na alikodi ukumbi. Alitaka mwongozo uenee kwenye ukurasa mmoja, akauchapa nakala nyingi, akazibandika kwenye vibanda vyote vya chaji, changu kikiwemo, mpaka Kivukoni, mpaka njia ya Kidatu. Sentensi yangu haikuwemo. Jina langu lilikuwemo, tena lilikuwa la kwanza, kwa herufi nene, kwa kuwa wageni walipenda kusikia kwamba mama wa mtaani asiyesoma amechangia.

Restuta aliisoma karatasi hiyo ukutani kwangu. Akajiandikisha kwa kuifuata, akawaandikisha na wengine, akifurahi kwamba ni kazi ya dada yake. Kisha akamwachia kibanda jirani yangu muuza mkaa, akashuka.

Mimi nilirudi na basi. Tulipofika daraja la Kivukoni nilikuwa nasinzia, nikaamshwa na ukimya. Abiria wote walikuwa wamenyamaza wakitazama dirishani. Nilitazama na mimi. Jua lilikuwa linawaka kweli kweli, na mto ulikuwa umepanuka, umekuwa wa rangi ya udongo, unabeba magugu na vipande vya miti, unakwenda bila sauti. Kule mbali ambako huwa kijani niliona mng'ao. Nilijua ule mng'ao ni nini. Miguu ikafa ganzi hapo hapo kwenye kiti, mpaka kondakta akanishika mkono kushuka.

Kibandani nilimkuta Mabula amekaa juu ya magunia yake, na kuku wake wamefungwa miguu.

"Umetoka?" nikamuuliza.

"Simu yangu ilipiga kelele jana, Mama Chaji. Ikasema toka, nami nikatoka. Wenzangu wamebaki wanaamia ndege, wananicheka, wanasema Msukuma anaogopa maji kama paka."

"Restuta?"

Akaacha kutabasamu. "Nilimpitia. Nikamwambia twende. Akanitolea simu yake, akanionyesha, hakuna tishio. Akasema, hii ni ya dada yangu, Mabula, wewe hiyo yako uliiharibu kwa pombe."

Nikageuka ukutani. Karatasi ilikuwa pale. Niliisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kila neno, nikawa napoteza mstari, naanza tena. Sentensi haikuwepo. Nilipofika chini nikakuta jina langu.

Nikampigia Restuta. Simu imezimwa. Nilijua imezimwa, kila mtu wa bondeni anazima kutunza chaji. Huiwasha jioni, ndege wakishakwenda kulala, anasoma kilichoingia, anaizima tena. Jioni ilikuwa bado mbali kwa mtu anayesubiri, na kwa maji ilikuwa karibu mno.

Nikampigia Evod.

"Shikamoo mama mdogo. Pole na msiba."

"Marahaba. Sentensi yangu iko wapi?"

"Ipi?"

"Unaijua."

"Aa, ile. Nilifupisha kidogo. Karatasi ilitakiwa iwe ukurasa mmoja. Na halafu, mama mdogo, wale wageni wangeuliza, inakuwaje programu haijui mtu alipo? Ingeleta maswali. Nilipanga kuirudisha."

"Restuta yuko ng'ambo na watoto. Simu yake ni ya Lipangalala."

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, na vijiko.

"Mpigie," akasema.

"Imezimwa. Anawasha jioni."

"Basi jioni ataona."

"Jioni maji yatakuwa yamefika wapi, Evod? Tuma ujumbe kwa wote walioandikishwa Lipangalala. Sema aliye shambani atoke. Kule kwenye madungu hakosekani mmoja aliyewasha simu, atawaambia wenzake."

"Lipangalala ni watu wengi, mama mdogo. Watu watakimbia ovyo hapa mjini, kesho watasema Kina ni ya uongo, na wageni bado wapo. Ngoja niwasiliane kwanza."

"Na nani?"

"Ngoja tu," akasema, akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa.

Mabula alishasimama. "Sikia. Mimi nakwenda Kivukoni kutafuta mtumbwi. Wewe muandikie huyo mkubwa wake."

"Sijawahi kumwandikia peke yangu jambo kubwa. Nitakosea."

"Kosea, lakini andika!" alipiga kelele, na kuku wakapiga kelele pamoja naye. Akaondoka, magunia ameyaacha.

Nikaandika pale kwenye ukurasa wa wazi, ambapo kila mtu wa programu anaona, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumfikia Aneth. Niliandika hivi: "Watu wa bondeni wameandikishwa mjini. Sentensi ya kuwaonya imefutwa. Maji yanapanda sasa hivi. Mdogo wangu yuko juu ya dungu na watoto. Naomba utume ujumbe kwa Lipangalala yote, useme aliye shambani atoke. Evod amekataa." Kila neno lilinitoka kama jino. Nilikuwa naogopa kumtaja mtoto wa shemeji mbele za watu, naogopa kwamba nimekosea kuhusu maji na mji utanicheka, na zaidi naogopa kwamba sijakosea.

Kisha nikasubiri. Sijui kuandika kusubiri kunavyokuwa. Niliona dungu letu lile lile, nikahesabu vipago vya ngazi kichwani. Nilimwona Restuta anapiga mayowe na watu wanadhani anafukuza ndege. Wateja walikuja kuchukua simu zao nikawapa za wenzao. Ndege walipoanza kupita juu kwa makundi kurudi viotani, na hiyo ndiyo saa ambayo utoto wangu wote nilikuwa naipenda, kwa kuwa kazi imeisha, niliwatazama nikatamani wageuke.

Jibu la Aneth lilikuwa fupi. "Mama Levina, nilikuwa darasani, nimeona sasa. Nimetazama nguzo za juu, uko sahihi. Natuma."

Sikupata hata nafasi ya kuvuta pumzi. Simu zote zilizokuwa kwenye ubao wangu wa chaji zililia kwa pamoja. Zilitetemeka, zikagongana, nyingine zikaanguka zikaning'inia kwa waya, na kila kioo kilikuwa na maneno yale yale: aliye shambani atoke sasa. Na pale ndipo hofu ilipozidi, badala ya kupungua. Nilizitazama nikaelewa kwamba kila simu inayolia pale ina mwenyewe ambaye haisikii. Wangapi walizileta kuchaji, wakarudi bondeni mikono mitupu, wangezifuata kesho? Nilisimama mbele ya ubao ule nikapiga mayowe. Jirani yangu Edna, muuza mkaa, alikuja mbio akidhani shoti imenirusha.

Mvuvi mmoja ng'ambo alikuwa na simu iliyowashwa. Alikuwa anasubiri kupigiwa na mteja wa samaki, basi. Aliusoma ujumbe, akapita na mtumbwi wake dungu kwa dungu akiita. Alipofika kwa Restuta, maji yalikuwa yameshafika kwenye jukwaa la kukalia. Restuta alikuwa amewafunga watoto kwa kitenge kwenye nguzo ya paa, yeye amesimama anawashikilia. Yule mdogo, Bibiana, alikuwa ameshateleza mara moja na kuvutwa kwa nywele. Mabula alikutana nao njiani na mtumbwi wa kuazima, wakagawana watoto.

Niliwakuta Kivukoni, giza linaingia. Watoto walikuwa wamefunikwa gunia. Nilimkimbilia mdogo wangu nimkumbatie, akaniwekea kiganja kifuani, bila nguvu.

"Dada," akasema, "karatasi yako."

Akarudi kwa watoto.

Wiki ile ukoo ulikaa nyumbani kwa shemeji. Nilisema yote, kama nilivyoandika hapa. Evod alisikiliza ameinamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Mama mdogo alikuwa msibani, kichwa hakikuwa sawa, simlaumu. Huenda alidhani ameandika, kumbe alisahau. Tumshukuru Mungu wamepona." Wakubwa wakaitikia. Kati ya msomi na mtu wa dungu, watamchukua nani? Shemeji alisema yaishe, tusitafutane.

Aneth aliirudisha sentensi na akamwondoa Evod kwenye ukaguzi. Alinipigia, akaniomba radhi kwa sauti yake, na radhi yake niliipokea. Lakini kwa ukoo wetu Aneth ni jina tu ndani ya simu. Nilimpelekea Restuta simu yangu, nikamwonyesha mahali ambapo kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya. Nilimsomea: nani aliandika, nani alifuta.

Alitazama akaniambia, "Mambo ya simu mnayabadilisha kila siku. Wewe mwenyewe uliniambia kila mtu anaweza kuandika humo."

Ni kweli, nilimwambia.

Bado nachangia. Wiki iliyopita nimerekebisha maelezo ya sauti ya ujumbe, kwamba usiiweke kwenye mtetemo ukilala. Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la kibanda, nafungua mwongozo kwanza, naweka kidole, nausoma wote, nikifika kwenye sentensi yangu nasimama hapo mpaka moyo utulie. Nikikuta nukta imesogezwa naanza upya kutoka juu. Karatasi ya ukutani kwangu niliichana. Nyingine bado zipo, nimeziona Kivukoni, nimeambiwa zipo njia ya Kidatu, jina langu kwa herufi nene juu ya mengine, na watu wanazisoma.

Na msimu umefika tena. Restuta ameshavuka. Amewachukua watoto, amechukua sufuria na kuku, na siku ya kuondoka alipita kibandani bila kusalimia, akaiweka simu yake kwenye ubao wangu, akaenda. Ameniachia. Hataki kitu chochote kitakachomwambia habari za mto chenye jina langu chini yake. Nimeichaji mpaka imejaa. Nimeibadilisha mahali, nimeandika jina la shambani. Maji yakija italia hapa, mbele yangu, na yeye yuko kule.

Nimemtumia Mabula akamwambie. Restuta alimjibu kwamba mimi na yeye letu ni moja. Nimekwenda mwenyewe, hakushuka kwenye ngazi.

Kwa hiyo nasema kinachodaiwa, na anayedaiwa. Evod anadaiwa kuzunguka vibanda vyote alivyobandika karatasi zile, azibandue kwa mikono yake. Na kabla ya hilo, anadaiwa kuchukua mtumbwi, avuke, apande ngazi ya dungu la Restuta, na amwambie mbele ya watoto, "Mimi ndiye niliyefuta, mama mdogo Levina hakusahau." Kisha ampe mkononi simu yake, hii aliyoniachia. Mimi nikimwambia Restuta, hasikii. Aneth hamjui. Amebaki Evod peke yake.

Anapita hapa karibu kila siku. Ananisalimia, shikamoo mama mdogo, nami naitikia marahaba kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Leo amepita tena. Jua linawaka, anga ya Ifakara haina hata wingu, na huko juu Udzungwa kumekuwa kweusi tangu jana.